Mgeni wa Kulipa Milimani Vietnam

Kabla sijavua viatu, mama mwenye nyumba alitaka kujua nina miaka mingapi. Dereva wa pikipiki aliyenileta alinitafsiria, nikajibu, naye akapiga hesabu kwa vidole, akacheka, kisha akaniita "em", yaani mdogo wake. Alinizidi miaka minne. Kuanzia hapo hadi asubuhi ya nne nilipolipa na kufunga begi langu, sikuitwa kwa jina wala sikuitwa mteja. Nilikuwa em, naye kwangu alikuwa "chị", dada mkubwa, na mama mkwe wake, aliyekaa kwenye kigoda kando ya meko akichambua mboga, alikuwa "bà", bibi. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya nguzo kama zilivyo nyumba nyingi za Watay, kabila mojawapo la kaskazini, katika bonde moja la Hà Giang, kaskazini kabisa mwa Vietnam. Tangu Julai 2025 mkoa huo umeunganishwa na Tuyên Quang, ingawa wenyeji na wasafiri bado wanauita kwa jina la zamani.

Mtu aliyekulia katika Kiswahili hashangazwi sana na mapokezi ya namna hiyo. Katika Kivietnamu, maneno ya kusema "mimi" na "wewe" katika mazungumzo ya kawaida huchukuliwa kutoka kwenye ukoo, kama vile kaka, dada, mdogo, shangazi, baba mdogo, babu na bibi. Na kwa kuwa neno hubadilika kwa kadiri ya umri wa anayesemeshwa, kuulizana miaka ndiyo njia ya kuanzia mazungumzo, wala hakuna anayeona kuwa ni udaku. Sisi nasi humwita mwenye genge "mama" au "shangazi", tukamwita muuza samaki "mjomba", kisha tukabishana naye juu ya shilingi mia mbili bila yeyote kuona kwamba undugu umevunjika. Mama ntilie ni mama, na sahani yake ina bei. Ninalitanguliza jambo hili kwa sababu mengi yanayosemwa kuhusu kulala kwa wenyeji katika vijiji vya Vietnam husemwa na watu wasiolijua.

Wasafiri wa begi mgongoni waliozunguka nchi ile wana lalamiko moja ambalo hulirudia karibu kwa maneno yale yale: kwamba kulala kwa wenyeji kumeharibika, kumekuwa biashara, wenyeji wanatabasamu kwa ajili ya fedha, na kijiji chenyewe halisi kipo bonde la pili, ambako watalii hawajafika. Kijiji cha Tả Van, kando ya mji wa Sa Pa, kiliposemekana kuharibika, watu wakaelekezwa Hà Giang. Hà Giang ilipojaa misafara ya pikipiki, wakaelekezwa Cao Bằng. Kwa mtindo huo kila bonde lina miaka yake michache ya kuwa halisi, kisha linahukumiwa. Kwa maoni yangu lalamiko hilo limebisha hodi mlango usio wake. Limejengwa juu ya imani kwamba fedha na undugu haviwezi kukaa chini ya paa moja, imani ambayo mwenye nyumba hana, na ambayo nasi hatuna. Linalostahili kuulizwa ni jambo la kawaida kabisa, ambalo mtu yeyote angeuliza kuhusu nyumba yoyote ya kupangisha: nyumba ni ya nani, kazi inafanywa na nani, na hela inaishia mfukoni mwa nani.

Historia yake si ndefu. Vietnam ilianza mageuzi ya kiuchumi yanayoitwa Đổi Mới mwaka 1986, na wasafiri wa kujitegemea wakaanza kuingia kwa wingi katika miaka ya 1990. Mai Châu, bonde la Wathai Weupe, kabila la Vietnam, lililo kama kilomita 140 kutoka Hanoi upande wa kusini magharibi, ni miongoni mwa mahali pa mwanzo ambapo familia zilianza kulaza wageni. Katika kijiji cha Lác nyumba za nguzo zilikuwa na sakafu pana isiyogawanywa vyumba, kwa hiyo kulaza watu kumi hakukuhitaji zaidi ya magodoro membamba, mashuka na vyandarua. Mifugo iliyokuwa ikifungwa chini ya sakafu ikahamishiwa pembeni, na mahali pake pakawekwa meza za chakula na vitambaa vya kuuza. Sa Pa ilipita njia nyingine. Wafaransa walikwishaifanya mji wa mapumziko mwanzoni mwa karne ya 20, mahali pa kukimbilia joto la Hanoi, na jamii za mabonde yaliyouzunguka mji huo, Wahmong, Wadao na Wagiay, walizoea kumuuzia mgeni kitambaa kabla hawajaanza kumuuzia kitanda.

Kuna uzi mwembamba unaotuunganisha na habari hii. Shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, ambalo katika miaka ya 1990 lilisaidia kuanzisha Programu ya Utalii wa Utamaduni nchini Tanzania, ile iliyowapeleka wageni Mto wa Mbu na kwenye vijiji vya Usambara, lilifanya kazi Sa Pa pia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wazo lilikuwa lile lile: mgeni afike kijijini kwenyewe, ale huko, na sehemu ya fedha yake ibaki huko badala ya kurudi mjini na gari lililomleta. Lilikuwa wazo jema, na bado ni jema. Lakini lilidhani kwamba wageni watakuwa wachache, watakuja kwa miguu, na kwamba mwenye kitanda na mwenye kijiji watabaki kuwa mtu mmoja.

Barabara ikavuruga hesabu hizo. Septemba 2014 barabara ya kasi kutoka Hanoi hadi Lào Cai, mji ulio karibu na Sa Pa, ilifunguliwa, na safari ya Sa Pa, iliyokuwa ikimaliza usiku mzima kwenye treni, ikawa ya saa tano au sita kwa basi. Mwaka 2016 yakaanza magari ya kebo ya kupandisha watu hadi karibu na kilele cha Fansipan, mlima wenye mita zaidi ya 3,140 ambao hapo awali ulipandwa kwa siku mbili. Mwaka 2019 Vietnam ilipokea wageni milioni 18 kutoka nje, na safari za watalii wa ndani zikafika milioni 85. Namba hii ya pili husahauliwa na wanaoandika kwa macho ya mgeni wa mbali. Katika mabonde mengi ya kaskazini anayejaza nyumba siku ya Jumamosi ni mtu wa Hanoi, aliyekuja na wenzake wa ofisini, na yeye hatafuti ukimya. Anatafuta nyama ya kuchoma, spika ya karaoke na mahali pazuri pa kupigia picha. Mwenye nyumba analazimika kuwaridhisha watu wawili wasiopatana, Mjerumani anayetaka kusikia vyura na Mhanoi anayetaka kuimba. Usiku wangu wa pili, ambao ulikuwa Jumamosi, vyura hawakusikika.

Wageni walipokuwa wengi kiasi hicho, neno lenyewe likahama. Wavietnamu wamelikopa neno la Kiingereza "homestay" kama lilivyo, na leo hulibandika kwenye karibu kila kitu kilicho kidogo kuliko hoteli: nyumba ya familia, jengo la zege lenye vyumba ishirini, hata vibanda vya kioo vilivyojengwa kileleni kwa ajili ya picha. Sheria ya Utalii iliyoanza kutumika Januari 2018 inatambua kundi la nyumba za kuishi zenye vyumba vya kukodishwa kwa watalii, lakini kibao cha barabarani hakiwajibiki kufuata lugha ya sheria. Mimi mwenyewe niliuziwa na wakala mmoja wa Hanoi usiku wa "kulala na familia" karibu na Sa Pa, nikafika na kukuta mapokezi yenye kompyuta na kijana mchangamfu kutoka mjini aliyenikabidhi ufunguo wenye namba. Familia ilikuwapo, hilo siwezi kulikana. Baba alikuwa akifyeka majani kwenye ua, na binti yake alikuwa akitandika vitanda, wote wawili wakilipwa mshahara katika kiwanja kilichokuwa chao.

Hapo ndipo nilipoanza kulielewa suala la ardhi, na msomaji wa Tanzania hatahitaji maelezo marefu. Nchini Vietnam ardhi ni mali ya wananchi wote chini ya usimamizi wa dola, na mtu hupewa haki ya kuitumia, inayothibitishwa kwa hati ambayo watu huiita kitabu chekundu. Kwetu nako ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na mwananchi ana haki ya kuitumia. Katika mifumo yote miwili ardhi haiuzwi kwa jina, lakini haki ya kuitumia hukodishwa na kuhamishwa, na anayekuja na fedha nyingi mara moja humshinda anayepata kidogo kidogo. Familia ya bondeni inayopata vijisenti kwa kila kitanda, yenye mtoto anayetakiwa kulipiwa ada au mgonjwa anayetakiwa kupelekwa hospitali ya mkoa, ikiahidiwa kodi ya miaka mingi kwa mkupuo, si rahisi ikatae. Mwekezaji anajenga mbele ya ngazi za mpunga, yaani mashamba yaliyochongwa kama ngazi ubavuni mwa mlima, na dirisha la nyumba ya zamani iliyokuwa ikilaza wageni kwa sababu ya mandhari sasa linatazama ukuta wa nyuma wa jirani yake mpya. Tukimlaumu mwenye kiwanja kwa kuuza uhalisi wake tutakuwa tumemkosea mara mbili.

Nirudi kwenye kazi, kwa sababu hilo ndilo nililoliona kwa karibu zaidi. Alfajiri ya siku ya pili niliamshwa na mlio wa panga likikata kitu chenye maji. Ilikuwa bado kabisa kupambazuka. Chị alikuwa amechuchumaa chini ya nyumba, kando ya taa ya umeme iliyofungwa kwenye nguzo, akikatakata mgomba kuwa vipande vyembamba kwa ajili ya nguruwe. Alivichanganya na unga wa mahindi katika sufuria jeusi, akaliweka motoni, akapanda ngazi, akawasha jiko la gesi, na akaanza kukoroga unga wa ngano na mayai kutengeneza chapati za maji zenye ndizi, zile ambazo wasafiri wa begi mgongoni wamekutana nazo Asia nzima na ambazo hakuna bibi yeyote wa Kitay aliyemfundisha mjukuu wake. Aliniuliza kama ni tamu, nikasema ni tamu. Nikamuuliza kama yeye huzila, akakunja uso na kutikisa kichwa. Yeye na mkwewe walikula wali wa jana na kachumbari ya majani ya haradali, pale pale jikoni, baada ya sisi watano tuliokuwa mezani kumaliza. Kufikia saa moja na nusu alikuwa ameshaosha vyombo, amewalisha nguruwe, amempandisha mtoto kwenye pikipiki kumpeleka shule, na amechukua mundu kwenda shambani.

Ilikuwa Septemba. Kila mtu anayepanga safari ya kaskazini mwa Vietnam huambiwa aende Septemba, kwa sababu ndipo mpunga wa kwenye ngazi za milimani unapogeuka rangi ya dhahabu, na wapiga picha huvamia Mù Cang Chải na Hoàng Su Phì kana kwamba dhahabu hiyo imetandazwa kwa ajili yao. Katika nyanda za juu zenye baridi, mpunga huvunwa mara moja tu kwa mwaka, na mwezi ambao mgeni anaupenda kuliko miezi yote ndio ambao familia haina hata mkono mmoja wa kupumzika. Wiki ile ile ambayo vitanda vyote vimejaa, mpunga hauwezi kusubiri, kwa kuwa mvua kubwa ikishuka unalala chini na kuota. Kaya hiyo inavuna mchana na kupika usiku, na anayebeba zamu zote mbili kwa kawaida ni mwanamke, kwa sababu mume ndiye anayekaa na wageni mezani. Kukaa mezani nako ni kazi, sitaki kumdhulumu mtu: kummiminia kila mgeni pombe ya mahindi, kunyanyua kikombe, kuhesabu moja, mbili, tatu kwa sauti, kisha kupeana mkono na kila aliyekunywa, na kurudia hivyo hadi saa nne usiku, ni jambo ambalo mimi nisingeliweza siku thelathini mfululizo. Lakini ni kazi inayofanywa ukiwa umekaa.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema alitamani kupokewa "kama mwanafamilia, bila mambo ya biashara", najiuliza ni mwanafamilia yupi anayemfikiria. Mwanafamilia wa umri wangu katika nyumba ile angekuwa shambani tangu alfajiri. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami siku ya tatu nilijipeleka mwenyewe kuomba mundu. Nilipewa. Baada ya kama dakika ishirini chị aliangalia mabua niliyokata, yaliyopishana urefu kama nywele za mtoto aliyejinyoa mwenyewe, akaniondolea mundu kwa upole na kunipa kazi ya kubeba miganda hadi kwenye turubai. Nilikuwa hasara, na wote tulijua. Siku hizi ziko sehemu ambako jembe linauzwa siku ya kwanza: "shughuli ya kuvuna na wenyeji" imeandikwa kwenye orodha ya bei, nusu siku, pamoja na kofia ya majani. Sioni ubaya. Mgeni anayelipia usumbufu anaousababisha shambani ana heshima zaidi kuliko anayedhani usumbufu huo ni msaada.

Chakula nacho hulalamikiwa. Ukilala nyumba sita katika mikoa mitatu utagundua kwamba mlo wa jioni unafanana: kuku wa kukaanga na tangawizi, tofu katika sosi ya nyanya, sambusa ndefu za kuviringisha ziitwazo nem, majani ya kuchemsha, wali, na sahani ya chipsi. Chipsi ndizo zinazowaudhi wasafiri. Kwangu mimi hicho ndicho ambacho mwenyeji yeyote duniani hufanya akiwa na wageni watano asiojua matumbo yao: anapika kile ambacho waliotangulia walikimaliza. Nyumbani kwetu mgeni wa Ulaya akija hatumpi kwanza dagaa wachungu na mlenda. Tunamkaangia kuku, na hakuna anayesema tumepoteza utamaduni.

Kwa wasomaji Waislamu jambo la chakula ni zito zaidi na halisemwi vya kutosha. Milimani nguruwe ndiye mnyama wa sherehe na wa kila siku, na hata mboga za majani mara nyingi hukaangwa kwa mafuta yake, kwa hiyo kusema "sili nyama ya nguruwe" pekee hakutoshi. Neno linaloeleweka haraka ni "ăn chay", yaani kula bila nyama, kwa kuwa Wabudha wengi hula hivyo tarehe mosi na tarehe kumi na tano za mwezi mwandamo. Hata hivyo katika kijiji cha Wahmong au Watay, ambako Ubudha haujaenea, ni heri kuingia jikoni mapema na kuonyesha chupa ya mafuta ya mimea kwa kidole. Pombe hukataliwa kwa kufunika kikombe kwa kiganja na kutaja dini au dawa, na ukishafanya hivyo jioni ya kwanza hutasumbuliwa tena, ila utapeana mikono kama wengine.

Sasa bei. Nililipa dong 150,000 kwa kitanda pamoja na chapati zile za asubuhi, na 150,000 nyingine kwa mlo wa jioni. Kwa siku tatu ikawa 900,000, karibu dola 35 za Marekani. Msafiri mmoja mezani, mtu mwema kwa mengine yote, alieleza kwa fahari jinsi alivyomshusha mwenye nyumba wa bonde la jirani hadi 80,000 kwa kitanda, na akaongeza kwamba mlo wa jioni aliupata bure kwa kuwa "walikuwa wakarimu mno". Nilijaribu kupiga hesabu ya kuku, kuni, gesi, mashuka ya kufua kwa mikono wakati wa mvua, na usiku wa kumimina pombe, nikaona kwamba aliyemdhamini safari yake ni mama mmoja asiyemjua. Ada za programu za kuwekea nafasi kwenye intaneti, ambazo mara nyingi ni kama asilimia 15, nazo humegwa kutoka kwenye fedha hiyo hiyo. Utamaduni wa kupatana bei una mahali pake, na Mswahili hahitaji kufundishwa sokoni. Lakini mtu hapatani bei ya chakula alichokwisha kula.

Kuna mlango mwingine ambao mgeni hauoni kwa sababu unafunguliwa kwa simu. Jioni ya kwanza mume alichukua pasipoti yangu, akaipiga picha, na kuituma. Sheria inamtaka anayemlaza mgeni kutoka nje atoe taarifa kwa polisi ndani ya saa 12 tangu kuwasili, au saa 24 kwa maeneo ya mbali. Ndiyo maana ile ndoto ya kupita kijijini, kualikwa na mzee barabarani na kulala kwake bila mpango, kwa mgeni wa kigeni huishia kuwa matatizo ya mzee huyo. Wapo wanaonung'unikia sheria hiyo kwamba inaua ukarimu. Naikubali nusu tu ya hoja yao: inamzuia maskini asiye na kibali asipate kipato kidogo cha usiku mmoja, huku mwenye jengo la zege akiwa na karani wa kumjazia fomu. Nusu nyingine ni kwamba, kwa mwanamke anayelaza wanaume watano wasiojulikana kwenye sakafu moja na binti yake, si vibaya kuwepo kwa rekodi ya majina yao mahali fulani.

Mtihani mkubwa ulikuja Machi 2020, Vietnam ilipofunga mipaka yake, isiifungue tena kikamilifu kwa watalii hadi Machi 2022. Miaka miwili. Kwa hesabu ya kawaida, aliyekuwa ameweka mayai yote kwenye kapu la watalii angeanguka. Chị aliniambia kwa ufupi, huku akichekecha mchele, kwamba mwaka ule "tulikula wageni tuliowalima wenyewe", na dereva alipomaliza kutafsiri nilimwomba arudie, nikidhani amekosea. Hakuwa amekosea, ulikuwa utani wake juu ya mpunga. Nguruwe walikuwepo, mashamba hayakuwa yamekodishwa, vitanda vilikunjwa vikawekwa darini. Jirani yao aliyekopa benki kujenga vyumba vinane alikwenda kufanya kazi kiwandani tambarare, akaacha vyumba vikiota ukungu.

Kwa sababu hiyo, ningetakiwa kumshauri mtu anayekwenda, nisingemwambia atafute kijiji ambacho hakijaguswa. Ningemwambia atazame chini ya nyumba. Kama kuna jembe lenye udongo mbichi, kapu la kuku, pikipiki yenye gunia la mbolea na sufuria la nguruwe, familia ile ina mguu mwingine wa kusimamia, na mgeni akiudhi wanaweza kuishi bila yeye. Kama kuna meza za chakula tu na orodha ya bei ukutani, bado panaweza kuwa pazuri pa kulala, ila ajue kwamba amelala kwenye nyumba ya wageni na alipe kama anavyolipa nyumba ya wageni. Aulize nyumba ni ya nani. Si swali la aibu. Yeye mwenyewe ataulizwa umri, ndoa na idadi ya watoto kabla chai haijapoa.

Siku ya mwisho kabla ya kuondoka dereva alinipeleka kwa miguu hadi kitongoji cha Wahmong kilichokuwa juu zaidi, ambako mpunga unakoma na mahindi yanapandwa kwenye nyufa za mawe. Tulikuwa tumekubaliana tupumzike na kula mchana kwa watu anaofahamiana nao, ambao nao hulaza wageni. Nyumba ilikuwa ya udongo ulioshindiliwa, yenye ua wa mawe, na kwenye mlango palikuwa na tawi la majani mabichi limening'inizwa. Dereva alisimama hatua chache kutoka uani. Alinieleza kwamba majani yakiwekwa hivyo mgeni haingii; huenda kuna mtoto aliyezaliwa, huenda kuna mgonjwa aliyefanyiwa tambiko, na si desturi kuuliza ni lipi. Nilimkumbusha kwamba tulikuwa tumeweka nafasi na kwamba walishathibitisha kwa simu juzi. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto, akasema ndiyo, walithibitisha juzi. Ndani mtu alikohoa, mbwa akabweka mara moja na kunyamaza. Tukageuka, tukateremka, tukala mahindi ya kuchoma kandokando ya barabara.